Kijani Kulia, Bluu Kushoto

Otonglo, 6 Mei 2025

Mama mpendwa,

Halafu Waswa akapiga honi kabla sijafika kwenye pazia, ikabidi nimpe barua ile ikiwa imekatika katikati. Kwa hivyo naanzia hapo hapo. Pazia lina maua ya manjano. Tom alilitundika mwenyewe, akasimama mlangoni na nyundo mkononi, akaniuliza, "Nyar Mulembe," ndivyo anavyoniita, binti wa wale wanaosalimiana mulembe, "sasa ni nyumba?" Nikamwambia sasa ni nyumba. Nilitaka kulia, Mama. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia baiskeli yake ikiegemezwa ukutani moyo unaruka kama wa msichana wa Kidato cha Pili.

Lakini hiyo simu yako iliyoingia maji itatengenezwa lini? Waswa amechoka kuwa posta. Anasema gari lake ni la mkate, na siku moja tajiri wake atafungua kreti akute mapenzi yangu katikati ya mikate.

Jana nilimuuliza Tom anakukumbuka vipi, kwa kuwa hajawahi kukuona. Akacheka. "Mimi namjua maro kwa miguu." Ndivyo wanavyomwita mama mkwe hapa, maro. Anasema siku ya posa ulikaa nyuma ya mlango wa jikoni, kama inavyompasa mama mkwe, kwao na kwetu. Lakini mlango wetu haufiki chini. Akaona miguu miwili. Kulia ndara ya kijani, kushoto ya bluu, tena ya bluu kubwa kama sufuria. Alitaka kucheka mbele ya wazee wote wale, akajifanya anakohoa, mjomba akamletea maji. Ilikuwaje, Mama? Wewe ambaye huendi hata kisimani bila kujipaka mafuta!

Habari kubwa nimeiweka mwisho. Kuna mwanamke anaitwa Achola, anauza samaki ufuoni Dunga. Friji yake kubwa imekufa na amempa Tom pesa anunue kompresa mpya. Akiridhika atamletea friji za akina mama wote wa ufuo ule. Tom anasema hii ndiyo kazi itakayotutoa kwenye chumba kimoja.

Tangu Jumamosi amekuwa kimya kidogo. Nadhani ananipangia kitu. Mimi najifanya sioni.

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Nanyama

*

Katito, 9 Mei 2025

Nanyama,

Barua yako imefika ikinuka mkate. Nimeisoma mara mbili, sokoni na nyumbani.

Mvua hapa haikatiki. Maharagwe yanaota ndani ya gunia. Magoti yananisumbua, lakini ni ya siku zote.

Simu iache. Tuliishi bila simu na tukazeeka.

Kuhusu ndara, mwambie mume wako kwamba siku ya posa kijana hutazama ng'ombe anaowaahidi, hatazami miguu ya mama wa watu. Usiniulize zaidi.

Nafurahi kwamba anakutundikia pazia. Kuna jambo nilitaka kukuandikia, lakini mkono umechoka. Litasubiri.

Mama yako,
Nabalayo

*

Otonglo, 14 Mei 2025

Mama mpendwa,

Ameuza baiskeli! Nilirudi kutoka kuteka maji nikakuta ukuta mtupu. Nikauliza, akasema ilikuwa inamuumiza mgongo. Mgongo gani, na ana miaka ishirini na saba? Nikajiambia, Nanyama, nyamaza, huyu ananunua kitanda. Maana tunalala kwenye godoro chini, na siku ya harusi aliniahidi kitanda cha mbao ya mvule. Basi nimeenda nimenunua foronya mbili zenye lesi na nimezificha chini ya nguo. Siku kitanda kikifika nitamshangaza anayenishangaza.

Na jinsi anavyokupenda, Mama! Jumapili mchungaji aliuliza nani ana ombi. Tom, ambaye kanisani hata pambio haimbi, akasimama akasema, "Tumwombee mama mkwe wangu." Akakaa. Watu wote wakaniangalia mimi. Tukitoka nikamwambia mama ni mzima, anauza maharagwe na kututukana. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama yako ni mvumilivu sana." Na Waswa ananiambia kila akipita, Tom anamvuta kando na kumuuliza unaonekanaje, umekonda, unatembea mwenyewe. Wanaume wangapi wako hivyo?

Nitakueleza na jingine, ingawa nilikuwa nimeamua nisilieleze. Jana Achola alikuja. Hakuketi. Alisimama pale kwenye pazia langu akasema, "Bwana yako yuko wapi? Samaki wangu wanaoza, na yeye nasikia anaomba dua kanisani." Nikamwambia kompresa inakuja. Akasema, "Mama, hata Yesu anakuja." Akaenda.

Tom aliporudi nilimpa chakula, akakizungusha kwenye sahani. Anatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, viatu vimekwisha upande mmoja. Sijui kitanda gani hiki kinachomkondesha mtu hivi. Mama, kwako naweza kusema. Wakati mwingine nawaza kama kuna mwanamke mwingine. Halafu naona aibu, kwa sababu mtu mwenye mwanamke mwingine hamwombei mama mkwe.

Nimechoka kidogo leo. Ni jua tu.

Wako,
Nanyama

*

Katito, 16 Mei 2025

Nanyama,

Hakuna mwanamke mwingine. Ondoa wazo hilo.

Ndani kuna bahasha ya pili. Mpe Tom mkononi. Usiifungue, na usisimame karibu anapoisoma. Kisha nitakueleza, au yeye atakueleza. Hasira utakayokuwa nayo, niwekee mimi.

Mama

*

Katito, 16 Mei 2025

Kwa mkwe wangu Tom Oluoch,

Mulembe.

Sijawahi kukusemesha, na kwa desturi ya kwetu na ya kwenu nisingekusemesha bado. Lakini karatasi haina uso, kwa hivyo nisome bila kuinamisha kichwa.

Mimi siumwi. Sijalazwa mahali popote. Leo nimebeba debe mbili za maharagwe kutoka barabarani.

Nimesoma barua ya mke wako nikaona unaniombea kanisani na umeuza baiskeli. Nikueleze kilichotokea. Mwisho wa Aprili mtu alinipigia, sauti ya adabu kabisa. Alisema laini yangu itafungwa kwa sababu haikusajiliwa vizuri, na kwamba nitatumiwa namba fulani nimsomee. Nikavaa miwani, nikamsomea moja moja kama zaburi. Na mimi ndiye niliyesimama kanisani mwezi wa kwanza nikawaonya akina mama wasitaje namba zao kwa mtu.

Simu ikapoteza mtandao. Nilidhani ni mvua. Siku ya nne mwalimu wa kwaya akaja nyumbani na mkungu wa ndizi kunipa pole ya upasuaji. Upasuaji gani? Akanionyesha ujumbe, una picha yangu na jina langu. Ndipo nikajua kuna mtu anatembea akiwa mimi. Nilimwambia Nanyama simu imeingia maji. Niliona aibu. Nilijiambia wezi watakuwa wamewaandikia watu wa kwaya tu. Nikasahau kwamba ndani ya simu hiyo kuna kundi lenu la harusi, na wewe umo, na watu wanakuita bwana harusi.

Niambie kama ulituma. Ndiyo au la, inatosha.

Nabalayo

*

Otonglo, 19 Mei 2025

Kwa Mama,

Ndiyo.

Naomba radhi kwa mwandiko. Mimi huandika risiti tu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu kuhakikisha. Hata mimi najiuliza, na kila mara napata jibu lilelile. Ningekupigiaje? Mtu ampigie maro wake amuulize kama kweli anaumwa? Ni kama kumwita mwongo. Ujumbe ulianza, "Mkwe wangu, naona haya kukuomba." Nikasema, ikiwa mama huyu ambaye sijaona uso wake amefika mahali pa kuniomba mwenyewe, basi hali ni mbaya. Ukasema, yaani yule mtu alisema, nisimshtue Nanyama, ni mgeni katika ndoa. Hilo nililiona ni jambo ambalo mama angesema.

Ya kwanza ilikuwa ya kitanda cha hospitali. Nilituma pesa za kompresa ya Achola kwa namba niliyoandikiwa. Ya pili ilikuwa ya dawa, nikamaliza zilizobaki. Ya tatu ilikuwa ya damu, ndipo nikauza baiskeli. Hakuna aliyenijibu asante. Hata hilo niliona ni heshima.

Mama, usinicheke. Nilisoma barua yako nikiwa kwenye benchi ya karakana. Nilipofika pale uliposema umebeba debe mbili, nilifurahi. Nilifurahi kabisa, nikasimama. Ndipo nikamkumbuka Achola, nikakaa tena.

Nanyama ameniambia zamani kwamba wewe hukai na deni. Tafadhali usifikirie kunilipa. Mimi nilimtumia mama. Kama hazikufika, njia ndiyo iliyokosea.

Sasa sijui nimwambieje mke wangu. Anadhani namnunulia kitanda. Nimeona foronya chini ya nguo zake. Nilikuwa natafuta soksi.

Mkwe wako,
Tom

*

Otonglo, 24 Mei 2025

Mama,

Ameniambia.

Kwa siku tatu sikuweza kukuandikia. Waswa alipiga honi nikamwambia apite. Nimebeba bahasha zenu huku na huku kama mtoto anayetumwa chumvi, huku nikiwaza lesi. Nilikuandikia kurasa nzima za furaha na wewe ukajua, au ukaanza kujua, ukaniambia mvua haikatiki. Na yeye akala chakula changu akijua. Niambie, katika nyumba hii na hiyo, ni nani aliyeamua kwamba mimi ni yai?

Niliyaandika hayo juzi. Leo naendelea nikiwa nimepoa, au nimechoka. Sioni tofauti tena.

Tulikwenda polisi. Tulikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi. Askari aliyetuandikia alikuwa mzee wa makamo, alikuwa mpole. Aliuliza, "Kwa nini hukumpigia huyo mgonjwa kwanza?" Tom akasema, "Afande, ni mama mkwe wangu." Mzee akaweka kalamu chini. "Ah," akasema. "Maro." Kisha akaandika. Kijana aliyekaa naye, nadhani ni mtu wa mbali, akacheka. "Kwa hivyo mwizi akijifanya mama mkwe, nyinyi mnampigia saluti?" Mzee akamwambia, "Wewe oa kwanza."

Kutoka pale tukaenda kwenye duka la kampuni ya simu, foleni nyingine. Pesa za mara ya kwanza na ya pili zilitolewa siku ileile, dakika chache tu baada ya kuingia. Za baiskeli zilikuta laini ya mwizi imefungwa, kuna mtu mwingine alikuwa amelalamika. Hizo zinaweza kurudi. Wiki kadhaa, wanasema. Msichana wa kaunta alisema "pole" kwa sauti ya mtu aliyesema pole mara mia tangu asubuhi, na sikumlaumu. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu.

Kisha Achola. Tom alitaka kwenda peke yake, nikamwambia hakuna tena kwenda peke yake. Alimweleza yote pale ufuoni, mbele ya akina mama wanaoparua samaki. Alipomaliza, Achola akasema, "Tom, ungenitapeli wewe, ningejua cha kufanya. Ningekuvua suruali hapa hapa. Sasa wewe umetapeliwa na heshima zako. Nikufanye nini?" Mmoja akadakia, "Mwoze binti yako, uwe maro!" Wakacheka wote, hata mimi, ingawa nilikuwa nalia.

Tumekubaliana hivi. Kuna friji nyingine imekufa nyuma ya banda lake, kompresa yake bado nzima. Tom ataihamisha. Atahudumia friji za Achola kila Jumamosi bila malipo hadi deni lake litakapokwisha. Amehesabu, ni karibu mwaka. Hizo friji za ufuo mzima, Achola hakuzitaja tena.

Tangu siku hiyo anarudi ananuka samaki mpaka kwenye nyusi. Anakaa kwenye kiti namvua viatu. Jana alisema, "Nyar Mulembe, bado ni nyumba?" Nilikuwa nimechoka mno kujibu vizuri. Nikamwambia, "Nawa mikono."

Nanyama

*

Katito, 2 Juni 2025

Mwanangu,

Umesema kweli, na nimeipokea. Nilikuficha kwa sababu barua zako zilikuwa na furaha nyingi, na sikutaka aibu yangu izikanyage. Lau ningekuandikia ile tarehe tisa, Tom angekuwa bado na baiskeli, kwa sababu nimehesabu siku. Jambo nililosema litasubiri halikusubiri.

Nimerudisha laini yangu. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza maji yalikuwa yamefunika barabara Ahero, tukarudi. Mara ya pili walisema alama za vidole vyangu hazisomeki. Nikamwambia yule kijana nimechambua maharagwe miaka thelathini, vidole vimebaki vya kazi tu. Mara ya tatu wakanisaidia.

Jumapili nilisimama kanisani nikaeleza yote. Nilidhani watanicheka. Baada ya ibada akina mama wanne wamenifuata nyuma ya kanisa, mmoja mmoja. Na wao pia. Mmoja amekaa na siri hiyo tangu mwaka juzi, mumewe hajui mpaka leo.

Pesa sitamlipa Tom, kwa kuwa amekataa, na mkwe akikataa siwezi kumbembeleza. Lakini hii mfikishie kama agizo langu. Kuanzia leo, simu yangu ikimwomba kitu chochote, hata chumvi, anipigie. Aniulize mimi ni nani. Aniulize jambo ambalo mwizi hawezi kulijua. Nikikosea, akate. Kuniuliza si kunivunjia heshima. Kutoniuliza ndiko kulikompa mwizi jina langu.

Na wewe, usimjibu mtu "nawa mikono" anapouliza kama bado ni nyumba. Mjibu.

Mama

*

Otonglo, 9 Juni 2025

Mama wangu,

Nimemjibu. Sikuambii nilimjibu nini, wewe ni mama yangu.

Lakini lazima nikuandikie ya jana, ingawa ulikuwepo upande wa pili wa simu, kwa sababu hukuona. Tulikuwa tumekaa mlangoni nachambua mboga. Simu yake ikalia, ujumbe, jina lako: "Nataka kuja kuwatembelea. Mtakuwepo?" Mama, Tom aligeuka jiwe. Aliiweka simu juu ya stuli, akaiangalia kama nyoka. Nikamwambia, piga. Akasema, "Hajaomba pesa." Nikamwambia agizo lilikuwa chochote, hata chumvi. Akafunga kifungo cha shati cha juu, nakuapia, akafunga kifungo! Kisha akatoka nje, akageukia ukuta, akapiga.

Nikamsikia: "Shikamoo Mama. Samahani sana, Mama. Samahani. Naomba kuuliza." Jasho linamtoka shingoni. "Siku ya posa, miguuni ulivaa nini?"

Nikaona bega lake likipanda, likashuka. Akasema, "Ndiyo, Mama. Kijani kulia. Ndiyo. Bluu kushoto. Ndiyo, kubwa." Halafu akaanza kucheka, akaegemea ukuta pale baiskeli ilipokuwa, akacheka mpaka akachuchumaa. Ulimwambia nini? Amekataa kabisa kunieleza. Anasema ni mambo ya maro.

Pesa za baiskeli hazijarudi. Kitanda hakuna. Nimezitoa foronya na kuzivisha mito yetu hapo chini kwenye godoro, lesi inagusa sakafu na inachafuka kila siku. Nazifua. Anachoka, nachoka, tunalala kama magunia. Lakini asubuhi akifunga kamba za viatu vile vilivyolika upande mmoja, mimi bado nasimama kumtazama, na moyo unafanya ule upuuzi wake.

Jana Achola amemletea friji ya dada yake. Moja tu. Hakusema neno, ameishusha akaenda.

Sema unakuja lini. Ukisema kwa simu, atakupigia tena, na shati lina kifungo kimoja tu kilichobaki.

Wako daima,
Nanyama

*

Katito, 12 Juni 2025

Mwanangu,

Naandika kwa karatasi ili kifungo kipone.

Nilimwambia Tom kwamba siku ile nilimsikia akikohoa, na nilijua si kikohozi. Hilo tu. Jingine sikumwambia, na sasa nakwambia wewe, umsomee ukitaka.

Ile ya bluu ilikuwa ya baba yako. Mwaka wa nane sasa tangu tumzike, nimeihifadhi chini ya kabati. Asubuhi ile wazee walipokuwa wanapanga viti, niliona hakuna kitu chake chochote kitakachokuwepo msichana wake akiposwa. Nikaivaa kushoto. Nilifikiri mlango utanificha. Mtu mmoja tu akaiona, na ndiye aliyekuja kukuoa.

Nimezungumza na Waswa. Atanichukua na gari la mkate, nikae mbele. Sitalala kwenu wala sitaingia ndani, mnajua desturi. Mwambie jirani yako Sheryl aniwekee kiti kwake, na pazia la manjano nitalitazama kutoka pale. Tom akirudi kazini asihangaike kuinua macho. Apite tu, aangalie chini, atanijua. Nitazivaa zote mbili, ya kijani na ya bluu.

Nakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Mama yako,
Nabalayo